Kifaru Chako Kilikuwa Wapi?

Kijana akinijia na boksi la kifaru cha plastiki mkononi, swali lake la kwanza huwa ni gundi. La pili ni rangi. Mimi humrudisha nyuma kwanza: hicho kifaru chako kilikuwa wapi, na mwezi gani wa vita? Wengi hunyamaza. Picha ya kifuniko inaonyesha kifaru kikipasua moshi, na mwenye boksi amedhani habari imeishia hapo.

Haijaishia. Kifaru cha vita kilitoka kiwandani kikiwa safi, kikapakiwa melini, kikakabidhiwa kwa watu. Watu hao wakakifunga ndoo zao na mablanketi yao, wakakanyaga rangi yake kwa buti mpaka ikabanduka, na nchi waliyopita ikakipaka rangi yake yenyewe juu ya ile ya kiwanda. Ukishaijua nchi na mwezi, nusu ya maamuzi ya mezani hujipanga: mnyororo gani, alama gani, vumbi au matope, kutu ikae wapi. Usipojua, utapaka kila kitu kila mahali, na kifaru chako kitafanana na vya watu wote.

Nitashika mfano mmoja na kukaa nao, maana ushauri wa jumla haumfai mtu ambaye tayari ana kisu mkononi. Mfano wangu ni M3 Lee ya Marekani.

Lee ina umbo ambalo ukiliona mara moja hulisahau. Mzinga mkubwa wa milimita 75 umekaa ubavuni upande wa kulia, ndani ya bodi, na juu kabisa kuna kichwa kidogo kinachozunguka chenye mzinga wa milimita 37. Kimo chake kinapita mita 3. Injini yake ilikuwa ya ndege, ya duara, yenye silinda 9. Ilikaa nyuma, na shafti yake ikapita chini ya miguu ya askari hadi kwenye gia zilizokuwa mbele. Ndiyo maana bodi ikawa ndefu kwenda juu kama kabati. Kati ya 1941 na 1942 viwanda vya Marekani vilitoa zaidi ya 6,000. Waingereza waliagiza vingine vikiwa na kichwa kipana zaidi, chenye nafasi ya redio kwa nyuma, wakaviita Grant. Vyenye kichwa cha Kimarekani wakaviita Lee.

Sasa tazama vilikokwenda. Mei 1942 Grant ziliingia vitani Gazala, jangwani Libya. Nyingine zilipelekwa Urusi, na askari wa huko wakazipa jina la kaburi la ndugu saba, kwa kuwa ndani walikaa watu 7. Ulaya na Afrika Kaskazini kifaru hiki kilipitwa upesi, lakini Burma kilibaki kazini hadi 1945. Wajapani wa huko hawakuwa na vifaru vingi wala mizinga ya kutosha ya kukidhuru, na Lee ilijua kupanda. Tarehe 13 Aprili 1944, katika kilima cha Nunshigum karibu na Imphal, upande wa India wa mpaka, Lee za kikosi cha Carabiniers zilipanda mgongo mwembamba wa mlima, mahali ambapo hakuna aliyetegemea kuona kifaru.

Kwa hiyo ndani ya boksi moja una vifaru vitatu tofauti: cha mchanga, cha theluji na cha matope. Chagua kimoja kabla hujakata kipande cha kwanza.

Mimi nilichagua Burma, na sababu yangu ni ya nyumbani. Katika mvua za 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Kiafrika walioitwa keya, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland, iliteremka Bonde la Kabaw hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwamo. Nikiwa mtoto nilimsikia akisimulia mvua, na ruba, na tope lililomvua mtu buti akabaki anavuta mguu mtupu. Vifaru hakuvitaja hata mara moja. Nilipofungua boksi langu la kwanza la Lee, nilijua tayari ni tope lile nitakalolitafuta.

Ukishachagua, tafuta picha. Jumba la Imperial War Museum la London limehifadhi picha nyingi za kampeni ya Burma, na kule Kohima, India, Lee moja ya 1944 bado ipo mlimani. Picha tatu zinatosha, lakini zichapishe uzibandike ukutani mbele ya meza; picha iliyofichwa ndani ya simu haitazamwi. Usitafute rangi humo, kwa kuwa nyingi ni nyeusi na nyeupe. Tafuta giza na mwanga: tope limepanda hadi wapi, vitu gani vimefungwa nje, ni wapi pamekanyagwa mpaka pakang'aa. Milango ya ubavuni ipo? Lee za mwanzo zilikuwa nayo, za baadaye iliondolewa. Mzinga wa 75 ni mfupi au mrefu? Yote miwili ilikuwapo. Kifaru cha makumbusho ukipendacho kitumie kujifunza umbo tu. Rangi yake huenda imepakwa upya mara nyingi na watu ambao hawakuwa na haraka ya vita.

Tuje kwenye kipimo, kwa sababu hapo ndipo macho hudanganyika. Vifaru vingi vya plastiki huundwa kwa kipimo cha 1:35. Namba hiyo haina hesabu ya kitaalamu nyuma yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani iliunda kifaru cha Panther kinachotembea kwa mota, ikakipa ukubwa wa kutosha kubeba betri ndani, na baadaye kikapimwa kikaonekana ni kama sehemu moja ya 35. Dunia nzima ikafuata. Leo Lee ya 1:35 imetolewa na Tamiya, Academy, Takom na MiniArt, na yoyote kati ya hizo inafaa kuanzia.

Lee halisi ina urefu wa mita 5.64 na uzito wa tani 27 hivi. Mezani itakuwa na sentimita 16, na uzito usiozidi embe. Kazi yako yote ni kuufanya uzito wa embe uonekane tani 27.

Weka kalkuleta karibu. Mpini wa chuma wa kushikia mlango, wenye unene wa milimita 12, mezani unapaswa kuwa na theluthi moja ya milimita. Ule wa plastiki uliotoka kwenye kalibu mara nyingi una milimita 0.8, ukiuzidisha mara 35 unapata chuma cha milimita 28, nene kuliko nondo nyingi za nguzo za ghorofa. Hakuna askari aliyeshika kitu kama hicho. Ukate, utoboe vishimo viwili kwa sindano ya moto au kekee ya mkono, uweke unyuzi wa shaba uliouchomoa ndani ya waya wa simu. Kazi ya dakika kumi, na kifaru kizima kinanyooka.

Tundu la mzinga wa 75 liwe na milimita 2.1, la mzinga mdogo milimita 1. Bamba la kukinga matope, ambalo kwa kweli lilikuwa bati jembamba, plastiki haiwezi kuliiga. Kwangua kingo zake kwa ndani mpaka zionekane nyembamba, au kata jipya kwenye kopo la soda. Bati la soda ni hazina ambayo hatuithamini: linakunjika, linapindika pale ambapo bati halisi lingepindika lilipogonga mti.

Maduka ya ng'ambo yanauza karatasi za shaba zilizokatwa kwa tindikali, zimejaa vijikulabu na vijibamba. Ni nzuri, lakini nakushauri usianze nazo. Fedha hiyo kanunulie mnyororo wa viungo vyenye kutengana. Jicho la mtazamaji hutua kwanza kwenye mnyororo, kisha kwenye mtutu wa mzinga. Kijibamba cha nyuma ya taa atakiona mwenye kifaru peke yake.

Kukata na kusafisha sitakawia. Kata kipande mbali kidogo na shina lake kwa koleo, malizia kwa wembe, lainisha kwa msasa. Kila kipande kina mstari wa mshono pale ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana. Ukwangue kwa ncha ya kisu, usiukate. Mtutu wa mzinga usiusugue kwa kuusukuma mezani, utaufanya bapa. Kata utepe wa msasa wa maji namba 800, uupitishe nyuma ya mtutu, uvute huku na huku kama anayejikausha mgongo kwa taulo, ukigeuza mtutu kila baada ya mivuto michache.

Ribiti ndizo zinazonifanya niipende Lee kuliko vifaru vyote. Bodi ya Lee za mwanzo iliunganishwa kwa ribiti, mamia yake, na kila moja ilikuwa hatari: risasi nzito ikigonga kichwa chake kwa nje, mkia wake uliweza kuruka ndani na kuwapiga watu. Baadaye Wamarekani walihamia kwenye kuchomelea. Ukitazama ubavu wa Lee unatazama wakati ule kiwanda kilipokuwa kinakimbizana na vita na bado kinatumia mbinu za wajenzi wa madaraja.

Sasa, ribiti hufa kwenye msasa. Lee yangu ya kwanza ilikuwa na upenyo pale paa linapokutana na ubavu. Nikajaza puti, nikasugua, nikafurahi kuona mshono umepotea. Sikuona kilichoondoka pamoja nao. Nilikuja kuona siku ya kupitisha rangi ya kivuli: kahawia ikazunguka kila ribiti vizuri, halafu ikafika mahali ikatiririka moja kwa moja bila kusimama. Ribiti saba mfululizo hazikuwapo. Upande huo niliugeuzia ukutani kwa miaka miwili.

Usifanye kama mimi. Kabla ya kusugua, bandika tepu ya karatasi juu ya safu ya ribiti, na usugue mshono peke yake. Zikiondoka hata hivyo, zirudishe. Tafuta ribiti mahali pasipoonekana, kama chini ya bodi au kwenye kipande cha ziada ambacho kifaru chako hakikihitaji. Laza wembe mpya bapa kabisa juu ya plastiki na uichanje ribiti kama mtu anayemenya ngozi ya kitunguu. Itabaki imenata kwenye wembe. Usiishike kwa vidole, hutaiona tena. Pale inapokwenda, piga mstari wa penseli na uweke nukta kwa umbali uleule wa ribiti jirani. Tia tone la gundi ya maji la ukubwa wa kichwa cha pini, ichukue ribiti kwa ncha ya kijiti kilicholowa mate, iweke, usubiri. Ribiti saba zitakuchukua jioni moja. Ukikosa za kuchanja, tone la gundi nyeupe ya mbao kwa ncha ya sindano litafaa, ila gundi hiyo husinyaa ikikauka, hivyo rudia mara mbili.

Kichwa cha Lee hakina ribiti, na hakikuundwa kwa mabamba. Kilimiminwa, kama chungu cha chuma, na chuma cha kumiminwa kina ngozi ya ganda la chungwa. Plastiki hutoka laini mno. Paka gundi ya maji ya plastiki sehemu ndogo, upana wa ukucha, subiri sekunde chache mpaka uso ulainike, kisha udonoe kwa brashi kuukuu iliyokatwa nywele fupi. Endelea sehemu nyingine. Ngao inayozunguka mzinga wa ubavuni nayo ilimiminwa, na ile pua ya mbele inayofunika gia, yenye sehemu tatu zilizofungwa kwa bolti. Mabamba ya ubavu yaache laini. Tofauti ya ngozi hizo mbili, ile ya chungwa na ile ya bamba, ndiyo inayomfanya mtazamaji aamini kuwa anaona chuma, hata kabla hujafungua rangi.

Kuhusu gundi zenyewe: ya maji kwa plastiki na plastiki, kwa sababu inayeyusha na kuunganisha, superglu kwa shaba na bati pekee. Superglu karibu na kioo au lenzi ya taa hutoa ukungu mweupe usiotoka. Na gundi zote mbili zina mvuke mbaya, kwa hiyo fungua dirisha na watoto wakae mbali.

Lee ina magurudumu 6 kila upande, yamepangwa mawilimawili. Usiyagandishe moja baada ya jingine ukitegemea macho. Weka bodi juu ya kipande cha kioo cha dirisha, gandisha yote gundi ikiwa bado teketeke, bonyeza taratibu mpaka kila gurudumu liguse kioo, uache hadi kesho. Gurudumu moja likielea hewani, tani 27 zimepotea na hakuna rangi itakayozirudisha.

Mnyororo wa Lee una viungo 79 kila upande. Watu wamezoea kuona mnyororo wa vifaru vya Kijerumani na Kirusi ukilala juu ya magurudumu kama kamba ya nguo iliyolegea, wakadhani kila kifaru ni hivyo. Wa Kimarekani ulikazwa, na ulishikiliwa na viroli vya juu. Ulegee kidogo tu kati ya kiroli na kiroli. Na kuna jambo jingine ambalo nimeliona likikosewa hata na mafundi wazuri. Aina nyingi za mnyororo huu zilikuwa na vitalu vya mpira. Mpira haung'ai kama chuma kwa kukanyaga barabara. Hupauka na kuwa kijivu. Kinachong'aa ni viungo vya chuma vya pembeni na meno ya gurudumu la mbele linalovuta. Hapo tumia unga wa penseli laini, ile ya 6B, usugue kwa kidole. Rangi ya fedha iache dukani.

Mizigo isikushughulishe mno. Turubai lililokunjwa ni karatasi nyembamba ya shashi iliyochovywa kwenye gundi ya mbao iliyozimuliwa, ikakunjwa ikiwa mbichi na kufungwa kwa uzi. Ifunge kwa kamba inayoonekana imekazwa na inabonyeza, kwa sababu turubai lililolowa mvua ni zito na hulala. Angalia picha zako: ikiwa askari walitundika viungo vya akiba vya mnyororo kwenye bodi, weka. Ikiwa hawakutundika, acha.

Kabla ya rangi, osha kifaru kwa maji na sabuni, suuza, kikauke usiku mzima. Mafuta ya vidole hufukuza rangi. Kisha praima nyembamba. Sisi wa pwani tuna adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji sana: unyevu. Ukipulizia rangi ya tina asubuhi ya masika, hewa ikiwa nzito, uso utafanya ukungu wa maziwa. Subiri hewa ikauke kwa jua, au upulizie chumba chenye feni inayotoa hewa nje, na uvae barakoa ya rangi, siyo ya kitambaa. Asiye na kompresa asivunjike moyo. Nimeona Lee nzuri iliyopakwa yote kwa brashi, tabaka nne nyepesi, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata.

Kijani cha Burma kilikuwa cha giza. Lakini kitu kidogo kilichopakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi zaidi, kwa kuwa hakuna hewa kati yako na chenyewe. Changanya kijani chako na tone la manjano au la rangi ya mchanga, hasa kwa mabamba yanayotazama juu, na uyaache ya chini yabaki na giza lake. Stika za alama ziwekwe juu ya vanishi inayong'aa, la sivyo hewa itanaswa chini yake na utaona mpaka wa stika milele. Zikikauka, vanishi nyingine juu.

Kivuli kinakuja sasa. Rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokolea, punje ndogo ndani ya tapentaini, brashi nyembamba yenye ncha: gusa chini ya kila ribiti na pembe ya kila mlango, na uache unyevu ujivute wenyewe. Kilichozidi kifute baada ya robo saa kwa brashi safi, ukivuta kutoka juu kwenda chini kama maji ya mvua yanavyokwenda. Usioshe kifaru kizima kwa kahawia. Hiyo ni njia ya miaka mingi iliyopita, na inakifanya kionekane kimetumbukia kwenye chai.

Michubuko iwe michache. Chana kipande cha sifongo, kichovye kahawia nyeusi, kiguse karatasi mpaka kibaki kikavu, ndipo uguse kingo za milango na mahali buti zinapokanyaga. Ulizo la kila mchubuko ni moja: nani aliupiga? Dereva anaingia wapi? Mtu wa mzinga mdogo anaweka mguu wapi akipanda? Mchubuko usio na mguu wala mkono wa kuusababisha ufute. Kutu ya kweli ikae kwenye mabomba ya moshi huko nyuma, ambako joto linaunguza rangi yote.

Na tope. Hapa ndipo Bonde la Kabaw linapopanda mezani.

Chota udongo wa bustani, uukaange kwenye sufuria kavu mpaka ukauke kabisa na wadudu na ukungu wafe, uuponde, uuchuje kwa kipande cha soksi ya nailoni. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, na chumvi huvuta unyevu ikarudi juu ya rangi miezi baadaye. Kumbuka kalkuleta pia. Chembe ya mchanga ya milimita moja ni jiwe la sentimita 3.5. Ukichuja vibaya, kifaru chako kitakuwa kimebeba kokoto za saruji. Changanya udongo huo na gundi nyeupe, tone la sabuni ya maji, rangi ya kahawia, na nyuzi za katani zilizokatwa fupi mno, milimita moja au mbili, ziwe nyasi na mizizi iliyonaswa.

Tope la kweli halina umri mmoja. Lipo la juzi, lililokauka na kupauka, limepanda juu kwenye mabamba ya ubavu kama vumbi zito. Lipo la leo asubuhi, zito, la rangi ya kati, limejaa kati ya magurudumu na ndani ya springi zake. Na lipo la sasa hivi, jeusi, linalometameta, kwenye mnyororo na sehemu za chini kabisa. Anza na la zamani na uje mbele. La juzi lipake jembamba sana, kisha lisugue kwa kidole chenye unyevu mpaka ribiti zitokeze vichwa safi. La pili libonyeze kwa kijiti cha mshikaki ndani ya mapengo, na uliache libomoke kidogo. La tatu ni lilelile la pili lililotiwa vanishi inayong'aa, na lisizidi robo ya eneo lote.

Halafu uondoe. Watu husahau kwamba kifaru kinachotembea hujisafisha chenyewe: meno ya gurudumu la mbele yanasukuma tope nje, mpira wa magurudumu unausugua mnyororo kwa ndani. Hapo tope lisionekane. Juu ya kichwa nako tope halifiki isipokuwa kwa buti, na buti ya mtu mzima mezani ina milimita 8 au 9. Nyayo mbili au tatu za ukubwa huo karibu na mlango zinatosha. Nikiziona nyayo hizo najua kuna mtu amepanda sasa hivi akiwa amelowa, na mlango bado haujafungwa.

Kifaru kisipokuwa na ardhi chini yake, tope lake halina kwao. Ubao mdogo wa sentimita 20 unatosha. Paka puti au plasta ya unene wa milimita 6, na kabla haijakauka, funga kifaru kwa plastiki nyembamba ya jikoni, ukibonyeze chini wima, ukinyanyue, kisha uburute alama hizo kurudi nyuma hadi ukingoni kwa kipande cha mnyororo uliobaki. Upana wa kila mfereji ni karibu milimita 12. Kina cha milimita 4 ni sentimita 14 za ardhi halisi, na hicho ndicho kipimo cha ardhi iliyolowa ikibeba tani 27. Usiweke kifaru juu ya ardhi. Kiweke ndani yake. Maji ya mfereji yawe vanishi angavu iliyomiminwa tabaka nyembamba nyembamba, siku moja moja, na tone la kahawia ndani, kwa sababu maji ya njia iliyopitwa na vifaru hayaonyeshi chini.

Ukimaliza, geuza ubao. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino hutawanyika vanishi ikipenya: aina ya kifaru, mahali, mwezi na mwaka. Wangu umeandikwa Lee, njia ya Kalewa, Novemba 1944.